Penseli ya Tobias kwenye Karatasi ya Saba

Mmeniandikia, vijana wa idara ya ramani kule Dar, mkitaka niwaeleze miaka yangu ya kazi hapa London. Mkaongeza, kwa adabu zenu, niwaeleze na "nilivyopanda ngazi". Ngazi nilizopanda mimi zilikuwa za ghorofa nne kila asubuhi, kwa sababu lifti ya jengo letu ilikuwa ya kubebea makabati ya ramani na si watu. Mambo ya vyeo na mishahara hayana ladha, nayaacha. Nitawaeleza habari za pwani moja ambayo sijaikanyaga mpaka leo, na kosa nililolifanya kwa mikono yangu hii safi.

Hiyo mikono safi nayo ina habari yake. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa na bibi ambaye akiona tone la mchuzi kwenye mkeka halali. Kutoka kwake nikaingia idarani kwenu, enzi za kuchora kwa kalamu ya wino, ambapo ukidondosha tone moja kazi ya wiki nzima imekwenda na maji. Kwa hiyo nilipofika London mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikapata kazi ya kutengeneza ramani kuukuu katika ghala la maktaba moja, nilijiona nimefika kwangu. Ramani zilizochanika, zilizoliwa na panya, zilizomwagiwa chai na makapteni. Nilikuwa na hamu ya kuzisugua zote.

Aliyenipokea alikuwa Bwana Whitlock, mzee mrefu mwenye sweta lililotoboka viwiko vyote viwili. Siku ya kwanza alinitaka ninawe mikono, akanikalisha mbele ya karatasi moja kubwa, akaniambia, "Usiguse. Tazama tu. Nitarudi." Akaja kurudi baada ya saa nzima. Akaniuliza nimeona nini.

"Pwani," nikasema. "Visiwa, ghuba, milima."

"Na nini tena?"

"Uchafu."

Akatabasamu. "Nani aliyekuhakikishia kuwa ni uchafu?"

Moyoni nilisema huyu mzee ni mvivu anayetafuta kisingizio cha kutosafisha. Mungu anisamehe. Lile lilikuwa somo zima la kazi yetu, nami nililipokea kwa sikio moja.

Pwani yenyewe ni ya kaskazini kabisa mwa Kanada. Sitataja jina la ghuba, kwa sababu wenyewe hawapendi wageni wafike kuokota mawe. Ilipimwa mwanzoni mwa karne iliyopita na kikundi kidogo cha wapimaji, na kazi yao yote ilikuwa kwetu, ramani ishirini na mbili pamoja na madaftari tisa waliyoandika wakiwa huko huko. Bwana Whitlock alinipa madaftari yale nisome kabla ya kugusa ramani hata moja. Nilikuwa nasoma kwenye treni kutoka Rayners Lane, nilikopanga chumba kwa Mhindi mmoja wa Kampala. Si madaftari yenyewe, msinifikirie vibaya, ni nakala nilizopiga. Mara mbili nilipitiliza kituo.

Niwaeleze kidogo mpate kuelewa kwa nini. Mnajua kwamba upimaji huanza na mstari mmoja ulionyooka, uliopimwa kwa uangalifu kuliko vyote, kisha pembetatu zote hujengwa juu yake. Kule hakukuwa na ardhi tambarare hata kidogo, ni majabali matupu. Basi wakaupima mstari wao juu ya bahari. Bahari ilikuwa imeganda, nao wakalaza mkanda wa chuma juu yake, alfajiri kabla jua halijaurefusha, wakapima, wakarudia, wakapima tena. Mimi mtoto wa Tanga, bahari kwangu ni kitu cha kuogelea na kuvulia samaki. Nilipofika hapo niliacha chai ikapoa. Dira nayo haikuwasaidia, maana karibu na ncha ya dunia sindano yake hulegea na kuzurura, ikabidi walifuate jua. Wino uliganda kwenye chupa. Kazi yote wakaifanya kwa penseli, tena penseli ngumu kabisa, kwa sababu ile laini ilipaka matope kwenye karatasi yenye unyevu. Shikeni habari hiyo ya penseli ngumu.

Lakini aliyenitia bumbuwazi zaidi hakuwa mpimaji. Alikuwa mwenyeji wao, mtu wa pwani ile, aliyewaongoza kwa sleji, lile gari lisilo na magurudumu linaloburutwa na mbwa juu ya barafu. Madaftari yanamwita Tobias. Kwenye daftari la kwanza imeandikwa kwamba walimuuliza safari itakuwaje, naye akaomba penseli, akainama, akachora pwani yote kwa kichwa bila kuinua mkono mara nyingi. Mchoro huo bado umebandikwa humo. Miaka ikapita, tukaletewa picha za pwani ile ile zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na siku moja mimi na Bwana Whitlock tukaziweka kando ya mchoro wa Tobias. Ghuba kwa ghuba, kisiwa kwa kisiwa, hakuruka hata kimoja. Pale panapovuliwa samaki na sili, wale wanyama wa bahari ya baridi, alipapanua, pale pasipo na kazi alipabana, lakini mpangilio haukukosea popote.

Bwana Whitlock alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Na huyu hakuwahi kuiona kutoka juu," alisema.

Mimi nilisomea kuchora ramani miaka mitatu, na siwezi kuwachorea njia ya kutoka kwangu hadi sokoni bila kukosea kona. Nilihisi kama nimeingia chumbani kwa mtu mkubwa bila kubisha hodi.

Sasa nije kwenye kosa. Kusafisha karatasi kuukuu kwa njia ya ukavu si kazi ngumu, ila ina subira yake. Unaparuza raba ikawa unga, unanyunyiza, unausukuma kwa ncha za vidole mviringo mviringo, kisha unaufagia kwa brashi laini. Unga unatoka mweusi, karatasi inabaki nyeupe. Kwa mwanamke wa aina yangu hiyo ni raha inayokaribia dhambi. Kila ulichofanya unakiandika kwenye daftari la matengenezo, na unatia herufi ya jina lako.

Mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini Bwana Whitlock alikwenda hospitali kutengenezwa nyonga, akakaa nje wiki sita. Nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha arudi akute karatasi ya tano mpaka ya tisa za ile pwani zinang'aa. Ya saba ilikuwa na vidoa vya penseli kuzunguka ghuba moja, viduara vidogo vidogo vilivyotapakaa, bila maelezo, bila mpangilio, kama mtu aliyekuwa anajaribu penseli yake. Nikavitazama kidogo. Nikanyunyiza unga. Nikaandika kwenye daftari: "Karatasi ya 7. Uchafu wa penseli umeondolewa. Z." Z ni Zuhura, ni mimi.

Aliporudi na fimbo yake aliitazama kwa muda. Akasema, "Imetakata sana, Zuhura." Niliichukua kuwa ni sifa. Miaka miwili baadaye alistaafu akahamia kwa dada yake Wales, na alipofariki nilikwenda kumzika. Sijui mpaka leo kama siku ile aliona kilichokosekana.

Nafasi yake ya kunibishia ilichukuliwa na Mama Furaha, mtu wa Bukavu anayekaa Peckham, aliyekuwa anasafisha chumba chetu kabla sisi hatujaingia. Mimi nilipenda kuwahi, kwa hiyo tulikutana kila siku, na kila siku nilimkuta anafanya kazi gizani. Kwetu sheria ni kwamba chumbani kukiwa na mtu taa za dari ziwake zote, mtu asije akajikwaa juu ya ramani. Mimi nawasha, yeye anazima.

"Mama Furaha, utaumia macho."

"Macho yangu iko muzima, Mama Zuhura. Taa ya juu inafichaka vumbi. Mi nainamaka, naangalia meza ya upande wa dirisha. Ukisimama wima, meza inakudanganyaka."

"Sheria ni sheria."

"Sawa, mama. Washa, mi nangojea utoke." Na nikitoka kwenda kuweka chai, ananizimia.

Tulikwenda hivyo miaka mingi, tukiteta kwa Viswahili vyetu viwili. Ndiye mtu pekee mle ndani aliyenipa habari za ugali.

Kisha, miaka ya elfu mbili imeshaingia, ikaja barua kutoka ile pwani. Ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Ruth, mjukuu wa Tobias. Niliisoma nikiwa nimesimama. Tobias kwangu alikuwa mtu wa madaftarini, na sasa mjukuu wake ananiandikia anauliza kama anaweza kuja. Alikuja mwanzo wa majira ya baridi, mwanamke mfupi wa miaka kama sabini, mfuko mmoja, koti kubwa kuliko yeye. Nikamwita Bibi Ruth, nikamweleza kwamba kwetu hivyo ndivyo anavyoitwa mtu wa umri wake. Akasema hata kwao ni karibu hivyo hivyo.

Akanieleza shida yake bila kuizungusha. Kampuni ya madini ilitaka kupitisha barabara kwenye ile ghuba mpaka majini. Walisema pale hapakuwahi kukaa mtu. Kikao cha kuamua kilikuwa baada ya wiki mbili.

"Palikuwa na kijiji chetu," akasema. "Ukaja mwaka wa homa, wakafa wengi, waliobaki wakahama. Nyumba zilikuwa za udongo na majani, zimelala chini. Makaburi ni mawe tu, na pale kila kitu ni mawe. Babu alimwambia mama yangu: niliwaonyesha wapimaji walipo watu wetu wote, nikawatilia alama kwenye ramani yao, hawatapotea. Wazee waliojua wamekwisha. Imebaki ramani yenu."

Nikatoa daftari la sita, nikalitafuta, nikampata mpimaji mwenyewe anasema. Nikamsomea Bibi Ruth kwa sauti: Tobias ametia alama zake kwenye karatasi ya saba, duara kwa kila nyumba, duara lenye nukta kwa kila kaburi. Tutazitia wino tukirudi.

Hawakuzitia wino. Na mimi niliijua karatasi ya saba kabla sijafungua droo.

Niliifungua hata hivyo. Ilikuwa nyeupe pe. Nikamwambia anisubiri, nikaenda kabatini nikachukua daftari la matengenezo, nikauona mwandiko wangu. Uchafu wa penseli umeondolewa. Nawaambia ukweli, vijana, kwa dakika moja nzima shetani alikaa nami kwenye kabati lile. Bwana Whitlock hayupo. Hakuna anayesoma daftari hili. Ningeweza kusema alama hazikuwahi kutiwa, na Bibi Ruth angenishukuru kwa msaada wangu akaondoka. Lakini mficha uchi hazai. Nikarudi na daftari wazi, nikaliweka mbele yake.

"Bibi Ruth, alama zilikuwepo. Hii Z ni mimi. Mimi ndiye niliyezifuta."

Aliusoma ule mstari. Aliutazama mkono wangu, kisha karatasi. "Ulizifuta zote?"

"Zote. Nilidhani ni uchafu."

Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Alivaa koti lake pole pole, kifungo kwa kifungo, akasema amesafiri siku tatu na amechoka, na kwamba kesho atapita kuaga. Nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Mchana ule nilifanya ninachokijua. Taa ya mkono tulikuwa nayo, na kumulika kutoka ubavuni ndivyo tunavyotafuta mikunjo. Nikamulika kulia, nikamulika kushoto, taa za dari zinawaka zote juu yangu kama sheria inavyotaka. Sikuona kitu. Nikajiambia maji yamekwisha kumwagika. Usiku sikula, na asubuhi niliwahi kuliko siku zote, nikaitandaza ile karatasi mezani nikakaa kuitazama tu. Nilikuwa najiadhibu, nadhani. Kisha nikatoka kwenda kuweka chai.

Niliporudi taa zilikuwa zimezimwa. Ilikuwa kama saa mbili na nusu, lile jua la London la majira ya baridi lisilopanda, linaloingia dirishani chini chini. Mama Furaha alikuwa amemaliza meza ya pembeni na ameinama, kidevu karibu kinagusa ubao, anachungulia meza yangu.

Nikafungua mdomo kumgombeza. Akaniwahi.

"Mama Zuhura, karatasi yako iko na alama mingi. Ni nani aliichoma-choma?"

"Iko safi hiyo. Nimeisafisha mwenyewe."

"Uko unasimama. Inama, mama."

Nikaweka kikombe sakafuni, mimi ninayekataza vikombe, nikapiga magoti kando yake. Nikaweka shavu karibu na meza. Na kuzunguka ile ghuba, kila kimoja na kivuli chake kidogo upande mmoja, vikasimama viduara vya Tobias. Penseli ngumu. Mkono mzito wa mtu aliyetaka alama zisipotee. Nilikuwa nimeondoa weusi wake, lakini karatasi ilikuwa imeshika mifereji miaka yote ile, na mimi nilikuwa naipitia kila mwaka nikihesabu ramani zangu, nimesimama wima.

Nililia. Mama Furaha alinishika bega. Hakujua ni nini, na aliposikia alikaa chini. Kwao Bukavu, aliniambia, ana watu wake ambao hajui walipolazwa.

Bibi Ruth alifika saa nne, mfuko wake mkononi. Sikumweleza mengi. Tulifunga mapazia, tukazima taa zote za dari, nikailaza taa ya mkono juu ya meza kabisa. "Inama, Bibi," nikamwambia.

Aliinama. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, mpaka nikahofia mgongo wake. Kisha akaanza kuhesabu kwa lugha yake, kidole hewani, hakigusi. Nyumba kumi na moja. Akaanza makaburi, na hakuwa anahesabu tena, alikuwa anataja majina aliyofundishwa na mama yake. Kwenye duara moja dogo, lililokaa peke yake karibu na maji, kidole chake kilisita.

"Huyu ni dada yake mama," akasema. "Alikuwa wa mwisho. Ardhi ilikuwa imeganda, walishindwa kumpeleka kwa wenzake. Mama alikuwa na miaka sita. Babu alimwambia ni karibu na maji tu, na maisha yake yote aliuliza ni wapi hasa."

Mama Furaha, aliyekuwa amebaki nasi na hajui Kiingereza hicho chote, alivua kitambaa chake cha kazi akakikunja.

Tulipiga picha siku nzima kwa mwanga ule ule, kutoka kila upande, tukazilinganisha na za ndege. Bibi Ruth akaondoka nazo. Barabara haikupita pale, waliizungushia nyuma ya kilima. Alinitumia picha wakati theluji ilipoyeyuka: amesimama kwenye duara la kwanza la Tobias, na miguuni pake pana mawe yaliyopangwa palipokuwa mlango wa nyumba.

Kabla hajaondoka nilimwomba jambo. Nilimwambia naweza kuifuata ile mifereji kwa penseli nyepesi, nizirudishe alama kama zilivyokuwa, ili mtu yeyote azione. Nilitaka sana anikubalie. Nilitaka kulipa.

Alifikiri. "Hapana," akasema. "Mkono wako si wake. Ziache hivyo. Anayetaka kuwaona, ainame kama wewe."

Nimestaafu mwezi uliopita. Raba yangu nimeitupa, daftari la matengenezo nimemkabidhi binti aliyechukua meza yangu, na nilimfungulia ukurasa mmoja kabla ya mingine yote. Mstari wangu wa zamani uko pale pale, sikuukata. Chini yake nimeandika: "Karatasi ya 7. Alama zipo. Zima taa za juu. Inama. Z."